Jiko Jipya, Tiyo ya Zamani

Mwaka ule makala, yale makaa ya kupikia, yalipanda bei mpaka watu wakayanunua kwa kopo kama wanavyonunua chumvi, ndipo jiko la gesi la marehemu Louise nalo likafa. Halikufa kwa siku moja. Jicho la kwanza lilikataa kuwaka, likafuata la pili, halafu kutu ikatoboa chini ya tanuri na moto ukawa unachungulia pale ambapo haujaitwa. Asubuhi moja mlango wa tanuri ukabaki mkononi mwa Kahindo. Mikate ya siku nzima ilikuwa imeungua upande mmoja, upande wa pili bado unga.

Kambere, baba yake, akauchukua ule mlango, akaugeuza huku na huku.

"Nitaitengeneza," alisema.

"Papa, utatengeneza nini? Kutu ndiyo inashikilia kutu."

Kambere alikuwa fundi mbao wa mtaa wa Katoyi, mjini Goma, aliyefiwa na mkewe Louise miaka mitatu iliyopita. Watoto wengine vita vilikuwa vimewatawanya, akabaki na huyu Kahindo tu. Tangu barabara za Masisi na Rutshuru zifungwe, mbao hazikuingia mjini, na fundi mbao bila mbao ni mzee wa kukaa mlangoni. Nyumba ilikuwa inakula mikono ya Kahindo. Alikuwa anaoka mikate midogo na kuwapelekea wanawake wa Kituku, bandari ya ziwani, nao wakiwauzia wasafiri wa mashua.

"Kama jiko imekufa," Kahindo alisema bila kumtazama, "juma ijayo nitafuatana na bamama bale banaendaka Kibati kukata kuni. Nitaoka ku mawe."

Kambere akaulaza ule mlango chini. Masika, jirani wa mlango wa tatu, alikwenda Kibati, msituni, kukata kuni. Alirudi baada ya siku tatu bila kuni, amejifunga kikwembe cha mtu mwingine, na mpaka leo hajasema kilichompata. Hakuna aliyemuuliza, maana wote walijua. Kule kulikuwa na watu wenye bunduki wa kila rangi: wa huku, wa kule, na wale ambao hata wao wenyewe hawajui ni wa wapi. Wale wanaofunga barabara na wale wanaoapa kila siku redioni kwamba wataifungua, wote wanapikiwa kwa gesi. Binti zao hawaijui njia ya Kibati.

"Huendi," alisema mwishowe.

"Tutakula nini?"

"Nimesema huendi. Jiko itapatikana."

Akaingia ndani, akatoa randa yake ya umeme, ile aliyoifunga kwa nguo laini kama mtoto mchanga, akaenda kuiuza.

Duka la Ridhwani lilikuwa mtaa wa Mapendo. Babu yake alitoka Maniema na biashara kichwani, na mjukuu alikuwa akiuza vitu vya mkono wa pili: friji, feni, vitanda vya hospitali, na majiko ya gesi yaliyopangwa nje kama askari wa gwaride. Kambere alichagua moja la macho manne, na tanuri yake, limekwaruzwa ubavuni lakini mlango umekaa sawa.

"Hiyo, muzee, ni mia moja na makumi matatu."

"Dolari? Juu ya chuma ya kukwaruzwa?"

"Usicheke na hii chuma. Ilitoka Dubai, ikapita Mombasa, ikapita Kampala, ikapita bariere zote za baaskari njiani. Kila bariere ikakula kipande yake. Mimi sina kosa."

"Basi weye ndiyo bariere ya mwisho."

Ridhwani alicheka mpaka akashika tumbo, na kicheko hicho kikashusha bei. Wakavutana. Kambere akaondoka mara mbili, akaitwa mara mbili. Wakafika tisini. Ridhwani akaweka juu ya jiko tiyo mpya ya rangi ya machungwa, ule mpira wa kupitisha gesi, na pete mbili za chuma za kuukazia.

"Na hii ni kumi. Usiende bila hii."

Kambere alikuwa amebaki na noti mbili: moja ya kujaza chupa ya gesi, nyingine hiyo ya kumi. Akaitoa. Ridhwani akaipandisha kwenye mwanga.

"Hii imepasuka, muzee."

"Wapi?"

"Ona hapa pembeni. Kama panya alionja."

"Hiyo ni upele tu!"

"Dolari haina ruhusa ya kutoka upele. Hapa Goma hakuna mutu ataikamata. Peleka kwa bachenji pale barabarani, batakupa nusu."

"Nusu!" Sauti ya Kambere ilipanda, watu wakageuka. "Noti ni ya kumi, imeandikwa kumi, nipewe tano? Nani aliweka hiyo sheria? Ni bakubwa tu! Bao banafungia noti mupya ndani ya masanduku, siye banatuachia za panya!"

"Mimi siko mukubwa, muzee wangu. Mimi niko Ridhwani. Lakini usifunge tiyo ya zamani. Rahisi inazaaka ghali."

"Unataka kuuza tu."

Akairudisha noti mfukoni. Angeweza kuvuka barabara, akapoteza tano, akarudi akachukua ile tiyo, tano nyingine ziandikwe deni. Lakini kuna hasira ambayo ukishaizoea unaona aibu kuiacha.

Julien, kijana mbeba mizigo aliyekuwa akingoja nje ya duka, ndiye aliyelibeba jiko juu ya chukudu yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Alisukuma kutoka Mapendo mpaka Katoyi juu ya mawe ya volkeno, Kambere akishika nyuma, na kila jiwe lilipogonga gurudumu Kambere alisikia kama limemgonga yeye jino.

Jikoni kwao palikuwa kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, na sakafu yake ilikuwa chini. Zamani Kambere alichimbua mawe pale ili ajenge ua, kwa hiyo kuingia unashuka ngazi mbili. Kwenye pembe, katikati ya mawe, palibaki shimo la kumeza ndoo mbili. Ndani ya shimo hilo Kambere akaiteremsha chupa ya gesi iliyojazwa, akapitisha tiyo kwenye ufa, akafunika ubao juu.

"Papa, chupa inapashwa kukaa nafasi yenye inapumua," Kahindo alisema.

"Chupa haipumue. Bezi ndiyo banapumua. Juzi baliingia kwa jirani na bunduki, bakabeba chupa, bakaacha jiko. Unataka baikute hapa kama mugeni kwenye kiti?"

Tiyo ilikuwa ile ya Louise, imekauka, na mdomo wake ulikuwa umelegea. Haikubana kwenye jiko jipya. Julien, aliyekuwa amebaki kuangalia huku akinywa maji, alikwenda kwenye chukudu yake, akarudi na ukanda wa mpira aliokata kwenye tairi ya ndani ya gari. Akauvuta, akauzungusha kwenye tiyo mara saba, akafunga fundo.

"Hii inashikaka gunia nne za viazi juu ya chukudu mpaka Kibumba," alisema akijipiga kifua. "Itashindwa na upepo?"

Wakawasha. Macho yote manne yakatoa moto wa buluu, na Kahindo akapiga kigelegele peke yake mpaka Mama Shakila, jirani wa nyuma ya ua, akachungulia na kuuliza ni nani ameolewa. Siku ile mikate iliiva pande zote mbili. Siku ya pili vilevile. Kambere alikaa mlangoni akijisikia mwanaume tena. Kibati haikutajwa.

Siku ya tatu Kahindo aliamka mapema, akakanda unga wote wa juma, akauacha jikoni kwenye beseni uumuke, akafunga mlango ili vumbi lisiingie. Akabeba mikate ya jana, akaenda Kituku. Karibu na saa sita alirudi, kikapu kitupu kichwani, na hapo ndipo waliposikia kelele za Mama Shakila. Alikuwa akimtafuta kuku wake anayejipenyeza kutaga kwa watu. Alikuwa amechungulia kati ya mbao za jikoni.

"Kambere! Kambere weee! Kuku yangu iko imelala mule chini, shingo imenyooka! Hakuna damu! Mazuku! Mazuku imeingia kwako!"

Mtu wa Goma akisikia neno hilo hangoji alisikie mara ya pili. Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini na kujikusanya mahali pa chini kama maji. Haina rangi. Mbuzi anashuka kula majani, harudi. Mtu anainama kufunga kiatu, hainuki. Kila mtoto anajua dawa yake: washa mshumaa kwenye ncha ya fito, uutangulize mbele. Moto ukizimika, usikanyage.

Kambere alijua zaidi ya watoto. Mwaka ule mlima ulipolipuka, wakubwa walitangaza watu wahame, waelekee Sake, kisha wao wakapita na magari, vioo juu. Hakuna aliyesimama kuwaambia watu: msilale hapa, laleni pale. Louise alichoka, akatandika kwenye kibonde kando ya barabara, mahali pasipofika upepo, pana majani laini. Kambere alikwenda kutafuta maji. Aliporudi kulikuwa kumepambazuka, na Louise alikuwa amelala shingo imenyooka.

"Unga yangu!" Kahindo alitupa kikapu. "Unga ya juma nzima iko mule!"

"Simama!" Kambere alimdaka mkono. "Hakuna mutu kushuka. Lete mushumaa."

Kahindo akakimbia ndani, akarudi na mshumaa na kiberiti. Kambere akaufunga kwenye fito ndefu, akauwasha. Kahindo akatangulia, akaufungua mlango wa jikoni kwa nguvu, akasimama juu ya ngazi akiushikilia usirudi.

"Kuya, papa. Ingiza."

Kambere akasogea. Fito ilikuwa mbele yake, moto ukiinama kidogo kwa upepo wa ziwani. Hatua nane. Hatua sita. Mama Shakila nyuma ya ua alikuwa akimwita Mungu kwa majina yote aliyoyajua. Hatua nne, na harufu ikamfikia Kambere puani, nzito, kama kitunguu kilichooza ndani ya gunia.

"Inanuka," alisema.

"Ni volkano," Mama Shakila akajibu. "Tangu jana mulima inajamba."

Kambere akainua mguu wa hatua ya tatu, na mguu ukakataa kushuka. Kwenye kile kibonde cha Louise hapakunuka kitu. Alipiga magoti pale, akauweka uso wake kwenye uso wa mkewe mpaka kizunguzungu kikamwangusha na watu wakamvuta, na harufu pekee aliyoisikia ilikuwa majani mabichi. Mazuku hainuki. Mazuku haijawahi kunuka.

Ncha ya fito ilikuwa mkono mmoja tu kutoka mlangoni. Kahindo alikuwa amesimama mle mlangoni, sketi yake inapepea.

Kambere alitaka kupiga kelele. Akaogopa kwamba akipiga kelele Kahindo atashtuka na kurukia ndani. Akainua fito juu, polepole, juu ya kichwa chake, juu ya paa la kibanda. Nta ikamdondokea shingoni. Akarudi nyuma hatua moja. Upepo ukavuma, moto ukalala, ukataka kukatika na kuruka. Akaurudisha tena nyuma. Hatua ya pili. Ya tatu.

"Papa? Unaenda wapi?"

Aliendelea kurudi nyuma. Alipofika kwenye ukuta wa nyumba aliiteremsha fito upande wa pili, akaukamata moto kwa kiganja na kuufinya mpaka ukafa.

Hapo akapiga kelele. "Kahindo! Toka hapo! Ni gesi! Ni gesi ya chupa!"

Kahindo alimtazama, akatazama kiganja chake, akaelewa. Akauegemeza mlango ubaki wazi. Aliukaribia ukuta akitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani.

"Mama Shakila!" Kambere aliita. "Zima moto yako! Zima hata sigara ya bwana yako!"

"Na kuku yangu?"

"Zima moto, mama!"

Chupa ilikuwa bado inatema. Ilikuwa mle shimoni, chini ya ubao, ndani ya pembe ambako yeye mwenyewe aliificha, na hakuna mtu ambaye angeweza kuifunga bila kuinama. Kahindo akavua kikwembe chake cha juu, akamfunga baba yake kiunoni, akashika ncha.

"Nikihesabu kumi na tano, ninavuta. Ukiwa umefunga, ukiwa haujafunga, ninavuta."

Kambere akajaza kifua, akashuka. Macho yalimwasha. Akamruka kuku, akaondoa ubao, na ndipo alipoisikia nyuma ya jiko: ssss, nyembamba, kama nyoka aliyeridhika. Ule ukanda wa Julien ulikuwa umelegea kwa joto la tanuri na tiyo ilikuwa imechomoka nusu. Akapeleka mkono kwenye kifungio cha chupa. Kilikuwa kigumu. Akakizungusha, akasikia ssss ikizidi, akajua amekosea upande. Kifua kilikuwa kinapiga ngoma. Kikwembe kikaanza kumvuta. Akashika jiwe kwa mkono wa kushoto, kwa wa kulia akazungusha, akazungusha, akazungusha, mpaka sauti ikakatika. Akaachia jiwe. Kahindo alimburura kwenye zile ngazi mbili kama gunia.

Alipopata pumzi alikwenda kwenye kibanda, akaanza kung'oa mbao za ukuta ili upepo upite. Kahindo akamletea nyundo.

"Hapana. Chuma juu ya chuma inatoa cheche."

Akazing'oa kwa mikono, moja baada ya nyingine, misumari ikimchana, mpaka jikoni pakabaki nguzo na bati.

Wakakaa chini, mbali. Wakangoja harufu iishe.

"Hiyo jiko itarudia kwa Ridhwani leo leo," Kambere akaanza. "Atairudisha pesa yangu. Ona bakubwa balipotufikisha. Bangefungua barabara, makala ingeingia, mutu angetafuta gesi ya nini? Bao ndio banatuua, mama yako balimuua bao, na leo…"

"Papa."

"…na leo balitaka kukumaliza weye."

"Papa, bakubwa habakufunga ile tiyo. Ni weye."

Kambere akaziangalia mbao alizong'oa.

"Mama alikufa juu yao, sikatai. Mimi leo ningekufa juu ya noti ya kumi." Hakupandisha sauti. "Ridhwani alikuambia. Julien alinielezea vile muligombana kule."

Mzee aliangalia kiganja chake, malengelenge yalikuwa yanapanda. Alitafuta jibu katika yale yote aliyozoea kusema, na kila alilolishika lilikuwa na jina la mtu mwingine. Akainuka. Akapiga mguu mpaka Mapendo. Mchenjaji wa fedha aliitazama ile noti, akampa nusu bila hata kumtazama usoni, na Kambere akaipokea. Kilichopungua Ridhwani alikiandika deni. Hakumcheka. Alimfungia tiyo na pete zake kwenye karatasi, akamwambia: "Ukishafunga, paka povu ya sabuni kwenye viungo. Ikitoa mapovu makubwa, inavuja. Usitafute na moto, muzee."

"Nimeshajua," Kambere alisema.

Jua lilikuwa bado lipo alipomaliza. Safari hii chupa iliwekwa nje, wazi, imefungwa mnyororo kwenye nguzo. Mwizi akitaka aje. Pete zilikazwa. Kahindo akapaka povu, wote wawili wakachuchumaa wakaliangalia. Povu lilikaa kimya, likakauka taratibu.

Kahindo akachukua kiberiti. Kambere akakifunika kwa mkono.

"Tusiwashe leo. Tungoje kesho."

"Kesho bamama banaondoka saa kumi na moja, kuelekea Kibati. Nitoke nabo?"

"Sikusema hivyo."

"Basi sema, papa. Niende kule ama niwashe hapa? Hakuna ya tatu."

Alitazama barabara, kana kwamba kuna mtu atakayetokea na ile ya tatu. Walipita vijana wawili na madumu ya maji. Akakivuta kiberiti kutoka mkononi mwa binti yake.

"Rudi nyuma. Mpaka barabarani."

Kahindo alirudi mpaka kwenye nguzo.

"Mbali zaidi."

"Hapa inatosha."

Kambere akashuka ngazi mbili. Akafungua jicho dogo kuliko yote. Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili ilimzimikia. Ya tatu ikashika, akaisogeza akiwa amegeuza uso kama mtu anayengoja kofi. Moto ukaruka, pu, ukakaa, wa buluu, mdogo, wenye adabu.

Nyuma yake alisikia beseni likiwekwa mezani. Unga ulikuwa umeumuka kupita kiasi na kuporomoka, na Kahindo alikuwa ameshaanza kuukanda upya, mikono mpaka kwenye viwiko. Alipomaliza kupanga trei alikuja nayo mpaka mgongoni kwa baba yake.

"Papa, sogea. Unaziba mlango ya tanuri."

"Nipe mimi. Nitaingiza."

"Utaungua."

"Nipe."

Akampa. Kambere aliiingiza trei, akafunga mlango, kisha akabaki amesimama palepale, kati ya binti yake na lile jiko, na hakuondoka mpaka mikate ilipoiva.